Ikiwa Ninaamini, Mbona Bado Ninaumia?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mume wangu alifariki miaka miwili iliyopita. Kwa sababu ya imani yangu nilikataa kurithiwa na shemeji yangu, nikakataa pia kutakaswa kwa mila za ukoo. Tangu hapo wakwe zangu wamenitenga, na shamba nililokuwa nikilima na watoto wangu sasa linalimwa na wengine. Kanisani tunaambiwa kwamba wafia dini waliimba hata motoni. Mimi silali, ninalia, na usiku mwingine siwezi hata kuomba. Je, imani yangu ni ndogo? Na hiyo imani inanisaidia nini hasa?

JIBU: Dada mpendwa katika Kristo, pole sana kwa msiba, na pole kwa haya yaliyokuja juu ya msiba.

Nianze na machozi yako, maana naona ndiyo yanayokutia hatiani mbele ya nafsi yako. Waraka kwa Waebrania, sura ya 5, unasema kwamba Bwana Yesu, siku za mwili wake, alitoa maombi na dua pamoja na kulia sana na machozi. Katika Gethsemane aliomba kikombe kile kimwepuke, akawasihi wanafunzi wake watatu wakeshe pamoja naye. Na msalabani alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22, akimwuliza Mungu mbona amemwacha. Basi ikiwa Mwana wa Mungu mwenyewe aliumia hivyo, akatamani kuwa na watu karibu naye, hatuna ruhusa ya kumfundisha mjane kwamba mwenye imani haumii. Fundisho hilo, hata likitolewa kwa nia njema, limewabebesha waumini wengi mzigo ambao Maandiko hayakuwatwika. Usiku unaposhindwa kuomba, fungua Zaburi ya 88 uisome kwa sauti, hata kama ni kwa kunong'ona. Zaburi hiyo inaishia gizani, haina mstari wa furaha mwishoni, na bado ni sala, nayo imehesabiwa kuwa Neno la Mungu.

Kuhusu wafia dini, ningependa tuwatazame wale walio jirani zetu, mashahidi wa Uganda, kwa kuwa habari zao husimuliwa haraka mno. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, vijana Wakristo waliotumika katika nyumba ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walijua kwamba asubuhi wangeitwa kuhukumiwa kwa ajili ya imani yao. Karoli Lwanga, aliyekuwa kiongozi wao, hakuutumia usiku ule kuwahutubia juu ya ujasiri. Aliwabatiza wale waliokuwa bado katika mafundisho, mmoja wao akiwa Kizito, kijana wa miaka kama 14. Inasimuliwa kwamba Kizito aliogopa, na kwamba alipatana na Lwanga washikane mikono watakapoitwa, ili asitetemeke. Mara nyingi narudi kwenye mkono ule, dada yangu. Kijana huyo leo anaitwa mtakatifu, na aliomba ashikwe mkono.

Tena yuko Mbaga Tuzinde, mmoja wa vijana hao, ambaye jambo lake linakaribia lako zaidi, kwa sababu aliyemlea, Mukajanga, ndiye aliyekuwa mkuu wa wauaji wa mfalme. Mzee yule alimsihi sana aikane imani, akataka kumficha, na ndugu zake wakamlilia. Naamini kwamba kusihiwa na watu unaowapenda kunaweza kuuma kuliko kutishwa na adui, nawe unayajua hayo kuliko mimi, maana wanaokutenga ndio waliokula nawe chungu kimoja. Mbaga hakuwachukia, wala hakukubali. Tarehe 3 Juni, siku ya Kupaa Bwana, Wakatoliki na Waanglikana walichomwa pamoja Namugongo, wakiwa wamefungwa ndani ya mikeka ya matete. Waliweza kusali wakati ule kwa sababu walikuwa wamezoea kusali pamoja kwa muda mrefu kabla yake, na kwa sababu waliamini kwamba Kristo amefufuka, hata yule mwenye uwezo wa kuwaua hakuwa na uwezo wa kuamua mwisho wao.

Hapo ndipo ninapoliona jibu la swali lako la pili. Imani haikuondolei maumivu. Inakuunganisha na Kristo ndani ya maumivu hayo, na pia na watu wake. Vilevile inakufungua katika hofu. Huenda umeambiwa kwamba kwa kuwa hukutakaswa, mkosi utawaangukia watoto wako, na kila mtoto anapopata homa moyo wako unashtuka. Katika Yohana 9 wanafunzi waliuliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule azaliwe kipofu, na Bwana alilikataa wazo hilo. Paulo naye anawaandikia Wakolosai kwamba Kristo, kwa msalaba wake, amezivua enzi na mamlaka, yaani nguvu za giza. Mtoto akipata homa, mpeleke zahanati na umwombee, bila kujihukumu.

Lakini kuvumilia si kukaa kimya huku watoto wakinyang'anywa chakula. Wapo wanaodhani kwamba Mkristo akidhulumiwa lazima akubali kila kitu, na hapo nawapinga wazi. Bwana aliwaambia wanafunzi wake, katika Mathayo 10, kwamba wakifukuzwa katika mji mmoja wakimbilie mwingine. Polikapo, askofu wa Smirna katika karne ya pili, alikubali kwanza kujificha shambani, na barua ya kanisa lake iliyosimulia kifo chake haikuwasifu wale waliojipeleka wenyewe kwa watesi. Mtume Paulo alipopigwa Filipi bila hukumu aliwataka mahakimu waje wenyewe kumtoa gerezani, na baadaye alikata rufani kwa Kaisari. Kuwasamehe wakwe zako ni kukataa kulipiza na kuwaombea mema. Hakukulazimu kuwaachia shamba la yatima. Na kama siku moja uchovu ulikushinda ukatamka neno la kukubali mila ile, mkumbuke Petro, aliyemkana Bwana mara tatu kisha akakabidhiwa kondoo wake.

Mwisho niseme neno kwa usharika wako, nawe una ruhusa ya kuwasomea. Waraka wa Yakobo unasema kwamba dini iliyo safi ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Kumwambia mjane avumilie, kisha kumwacha alale peke yake na hofu, si kutii andiko hilo. Umwombe mwenyekiti wa umoja wa wanawake apange akina mama wawili wawe wakija kwako jioni, hata kama ni kukaa tu na kusoma zaburi moja. Kisha kusanya cheti cha ndoa, cheti cha kifo, na majina ya majirani walioshuhudia mume wako akilima pale, uende kwa viongozi wa serikali ya kijiji, na wasipokusaidia, utafute msaada wa kisheria na kufika mahakamani. Mmoja wa akina mama hao afuatane nawe siku hiyo.