Maswali ya Ujauzito Yasiyongoja Kupambazuke

Nimebeba mimba zaidi ya mara moja, na mojawapo iliharibika. Tangu hapo ndugu na marafiki wanaotafuta mtoto huniletea maswali yao, mengi usiku, yakitanguliwa na "samahani kwa usumbufu". Hawanisumbui hata kidogo. Kinachoniuma ni swali linalonifikia limechelewa, kwa sababu mwenyewe aliliona la aibu, au aliambiwa kwamba wajawazito ndivyo walivyo. Kwa hiyo kila anayeniuliza humwomba ayatenge maswali yake mapema: yapo yanayoweza kusubiri tarehe ya kliniki, na yapo ambayo hayangoji hata kupambazuke.

Kabla ya mimba, mengi husubiri. Wanandoa wengi wenye afya hupata ujauzito ndani ya mwaka mmoja wakikutana mara kwa mara bila kinga, hivyo miezi mitatu au minne ya kukosa haitoshi kumfanya mtu ajiite mgumba. Mwanamke aliye chini ya miaka 35 aende akapimwe baada ya mwaka, na aliyefikisha 35 baada ya miezi 6. Ila kama hedhi yako hupotea kwa miezi, au uliwahi kuugua maambukizi ya mirija ya uzazi, usihesabu miezi. Nenda sasa.

Katika kuhesabu siku, wengi wamekariri "siku ya 14" na hapo ndipo wanapopotea. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi ijayo. Mwenye mzunguko wa siku 28 haoni tofauti yoyote, lakini mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake hutoka karibu na siku ya 21, na akitegemea ile 14 atakuwa anawahi mno kila mwezi. Yai likishatoka haliishi zaidi ya saa 24, ilhali mbegu za kiume zaweza kukaa hai ndani ya mwanamke hadi siku 5. Ndiyo maana siku za kushika mimba ni zile chache zinazotangulia yai pamoja na siku yenyewe linapotoka. Mwili hutoa taarifa: ute wa ukeni huwa mwepesi, wa kuteleza na wa kuvutika. Ukiuona, usingoje. Na kama kuhesabu kunawachosha na kuleta ugomvi nyumbani, acheni kuhesabu, mkutane kila baada ya siku mbili au tatu mwezi mzima. Inatosha.

Mume naye apimwe. Hili nalisema kwa uchungu, maana nimewaona wanawake wakizungushwa kwenye vipimo vya kila aina huku mwanamume hajawahi kuombwa hata kipimo cha mbegu, ambacho ni chepesi kuliko vyote. Takriban nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mwanamume unahusika, peke yake au pamoja na wa mwanamke. Mbegu huchukua karibu miezi 3 kutengenezwa, kwa hiyo akiacha sigara leo asitarajie majibu tofauti wiki ijayo. Na wanaojidunga homoni za kiume ili kujaza misuli wajue kwamba homoni hizo huweza kuzima kabisa utengenezaji wa mbegu.

Lipo swali moja la kabla ya mimba lisilofaa kusubiri, nalo ni la vidonge vya asidi ya foliki, aina ya vitamini B. Mikrogramu 400 kila siku, kuanzia kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki nne hivi tangu mimba itungwe, wakati wengi ndio kwanza wanaanza kujiuliza mbona hedhi imechelewa. Mwenye kisukari, anayetumia dawa za kifafa, au aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji dozi kubwa zaidi, ambayo daktari ndiye anayeipanga. Anayemeza dawa yoyote ya kila siku aulize kuihusu kabla ya mimba. Baadhi ya dawa, kama valproeti ya kifafa, huweza kumdhuru mtoto, lakini kuiacha ghafla nako kwaweza kuleta degedege linalowadhuru wote wawili. Ibadilishwe na daktari.

Sasa mimba imeingia, na ukaona damu. Hakuna swali ninaloulizwa kwa hofu kama hili. Takriban mjamzito mmoja kati ya wanne huona damu kidogo katika miezi mitatu ya kwanza, na wengi wao huendelea vizuri hadi kujifungua. Hata hivyo kila damu inastahili kuchunguzwa, na ipo ambayo ni ya kukimbilia: damu nyingi, au maumivu makali ya tumbo, hasa ya upande mmoja, au kizunguzungu na kuzimia, au maumivu yasiyoeleweka kwenye ncha ya bega. Hizo zaweza kuwa dalili za mimba iliyotunga nje ya kizazi, na mrija ukipasuka mama huvuja damu kwa ndani bila mtu kuiona. Nenda hospitali usiku huohuo.

Yangu iliharibika mapema. Watu walinihoji nilibeba nini, niligombana na nani, nililala vipi. Daktari akanieleza nilichohitaji kukisikia: kati ya mimba zinazojulikana, kama moja katika nane hivi huharibika, na mara nyingi, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo, chanzo ni hitilafu ya kromosomu, yaani vibeba urithi vilivyo ndani ya seli, iliyotokea tangu mimba kutungwa. Kazi za kawaida za nyumbani haziharibu mimba. Tendo la ndoa haliharibu mimba, ila wenye damu inayotoka au kondo la nyuma lililokaa chini wafuate maelekezo ya daktari. Hasira za siku moja haziharibu mimba. Kama yalikupata haya, tafadhali usijihukumu. Zikiharibika mara mbili au tatu, omba uchunguzi, maana ziko sababu zinazotibika.

Kichefuchefu huchosha ila kwa kawaida hupungua kadiri mwezi wa nne na wa tano unavyoingia. Kikifika mahali ambapo hata maji hayakai tumboni siku nzima na mkojo umekuwa mweusi, unahitaji dripu. Kwa maumivu, paracetamol ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Ibuprofen na jamii yake ziepuke, hasa kuanzia wiki ya 20. Vidonge vya madini chuma usivimeze na chai, kwa kuwa chai huzuia mwili kuyafyonza. Pombe, acha kabisa. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama.

Kliniki anza kabla ya wiki ya 12. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mama aonwe angalau mara 8. Najua foleni huchosha, na ile hudhurio ambayo husikii maumivu yoyote ndiyo inayoshawishi kuachwa. Lakini presha na protini kwenye mkojo hazijitangazi zinapoanza. Kipimo cha 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20 si cha kusema "nitapumzika itashuka". Kichwa kinachouma sana na kukataa kutulia, macho kuona vimulimuli au ukungu, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono kuvimba ghafla: hiyo huwa njia ya kuelekea kifafa cha mimba. Miguu kuvimba jioni baada ya kusimama mchana kutwa ni jambo jingine, nalo laweza kungoja kliniki.

Mtoto naye sikiliza anavyocheza. Wengi humsikia kati ya wiki ya 16 na ya 24, na baada ya hapo kila mtoto hujenga mazoea yake. Wanaosema hupunguza kucheza uzazi ukikaribia kwa kuwa nafasi imebana, wasikudanganye. Akipunguza kuliko ulivyomzoea, nenda siku hiyohiyo wakasikilize mapigo ya moyo wake. Ukikuta mzima, hujampotezea mtu muda, na ikitokea tena wiki ijayo, nenda tena.

Hizo dalili za presha zaweza kutokea hata baada ya kujifungua, kwa wiki kadhaa, na kwa mama ambaye presha yake ilikuwa sawa mimba nzima. Kichwa kikikuuma namna ile ukiwa tayari na mtoto mikononi, rudi hospitali, na neno la kwanza uwaambie ni kwamba umejifungua karibuni.