Kufuta funguo nyingi za Redis kwa mkupuo bila kuisimamisha seva

Mkuu, umeuliza namna ya kufuta kwenye Redis (hifadhidata inayotunza data kwenye memori) funguo zote, yaani majina ya data, zinazoanza na bidhaa: bila kugusa zingine, na mdau hapo juu kakwambia upige KEYS (amri ya kuorodhesha funguo), matokeo uyapeleke DEL (amri ya kufuta). Kwenye kompyuta yako hiyo haina neno. Kwenye seva yenye wateja, usithubutu. Redis inatekeleza amri moja baada ya nyingine, na KEYS inapitia kila ufunguo uliomo hata kama unaoutaka ni mmoja. Zikiwa mamilioni, maombi mengine yote yanasubiri foleni.

Mimi natumia hii:

redis-cli --scan --pattern 'bidhaa:*' | xargs -n 500 redis-cli UNLINK

SCAN (ipo tangu toleo 2.8), ndiyo inayotumika na --scan, inapitia kidogo kidogo, wengine wanapata nafasi katikati. xargs inazikabidhi funguo 500 kwa mkupuo kwa UNLINK. UNLINK (tangu 4.0) inauondoa ufunguo papo hapo, ila kazi ya kuachilia memori inafanyika pembeni. Tofauti yake na DEL utaiona kwenye hash (ufunguo mmoja wenye vipengele vingi ndani) yenye vipengele laki kadhaa. Kwa vijistringi vidogo (maandishi mafupi) hamna kitu.

Anza na nusu ya kwanza tu ya amri hiyo (kabla ya alama |), uimalizie na | head, uone kinachotoka. Kikija patupu, mara nyingi ni maktaba yako inabandika kiambishi chake mbele ya jina. Laravel (fremuwek ya PHP) hufanya hivyo, na watu wanahangaika wee. Au data ipo kwenye database namba nyingine, basi ongeza -n 2 kwenye redis-cli zote mbili, siyo moja.

Ukiandika SCAN mwenyewe kwenye programu, ukipata orodha tupu usidhani imeisha. Kila mara SCAN inarudisha pia namba ya kuendelezea; endelea mpaka namba hiyo iwe 0. Na ufunguo ulioingia katikati ya zoezi inaweza kuuruka.

Kama ni Cluster (Redis iliyogawanywa kwenye seva kadhaa), UNLINK ya funguo za sloti (mafungu ya funguo) tofauti itagoma na kosa la CROSSSLOT. Weka xargs -n 1, na upitie kila nodi kuu.

Ila kama unafuta hivi kila wiki, tatizo ni majina. Weka namba ya toleo ndani yake, bidhaa:7:1024 (7 ndiyo toleo), kila ufunguo wa bidhaa uwe na EXPIRE (muda wa kuisha), na namba yenyewe ikae kwenye ufunguo wake, tuseme toleo:bidhaa. Bei zikibadilika unapiga INCR toleo:bidhaa (inaongeza moja), programu inaanza kusoma bidhaa:8, na za zamani zinajifia zenyewe muda wake ukifika.