Kuchora Marafiki Wawili kwa Rangi ya Mafuta: Ushauri kwa Wanaoanza Kigoma

Vijana wengi wanaokuja kujifunza uchoraji hapa Mwanga huanza na uso mmoja uliopigwa picha kwa simu, na wakishaumudu huomba kuchora watu wawili, pengine wazee wanaocheza bao au mtu na rafiki yake wa utotoni, wakidhani kwamba kazi hiyo ni ile ile ya uso mmoja iliyofanywa mara mbili. Sivyo. Ukimchora kila mmoja kwa siku yake kisha ukawakutanisha kwenye turubai, utapata sura mbili zinazofanana na wenyewe, lakini mtazamaji hataona kwamba watu hao wanajuana.

Waketishe pamoja tangu kikao cha kwanza, na uwaache wazungumze. Usiwalazimishe kutabasamu, kwani tabasamu la kukaziwa huchosha misuli na huishia kuwa kinyago. Urafiki hukaa zaidi katika mwili: bega lililolegea kwa sababu jirani yake hamtishi, magoti yaliyoelekea upande mmoja, mkono uliosahauliwa juu ya kiti cha mwenzake. Sam Ntiro, mchoraji wetu aliyesoma na kufundisha Makerere, alionyesha watu wakifanya kazi kwa pamoja bila kushughulika sana na nyuso zao, na bado ushirika wao unasomeka.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni nafasi iliyo kati ya watu hao. Ichore kwanza, kama kitu chenye umbo na mipaka yake, kabla hujagusa pua wala macho. Tazama picha ya rangi ya mafuta ambayo mchoraji Mwingereza David Hockney aliwachora wazazi wake mwaka 1977, iliyoko katika jumba la sanaa la Tate nchini Uingereza: mama ametazama mbele, mikono ikiwa mapajani, na baba ameinamia kitabu. Hawagusani wala hawatazamani, lakini pengo lile linaeleza ndoa ya miaka mingi kuliko ambavyo kukumbatiana kungeeleza.

Kisha angalia jinsi rangi inavyovuka kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Kanga nyekundu ya huyu itaakisi wekundu chini ya kidevu cha yule, na usipoutia, kila mmoja ataonekana kana kwamba ameketi chumba chake. Hapa rangi ya mafuta huishinda akriliki, rangi ya maji inayokauka upesi, kwa kuwa hubaki mbichi muda wa kutosha kukuwezesha kulainisha mpaka kati ya vivuli. Kwa kivuli cha ngozi nyeusi, changanya kahawia ya udongo na bluu ya ultramarini. Nyeusi ya kwenye tyubu ikitumika peke yake huua ngozi. Dirisha linalotazama ziwa linafaa asubuhi. Alasiri jua huingia moja kwa moja na kuharibu vivuli vyote.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Mafuta ya kitani, ambayo ndiyo huchanganywa na rangi hii, hukauka kwa kuchukua oksijeni hewani, si kwa kuyeyuka kama maji, na msimu wa mvua huchelewa zaidi. Mawese, ambayo yamejaa kila duka hapa kwetu, hayakauki kamwe, kwa hiyo asikushauri mtu kuyatumia badala yake. Tabaka la kwanza liwe jepesi, lenye tapentaini, na mafuta yaongezeke katika tabaka zinazofuata, la sivyo picha itapasuka. Vanishi ya mwisho husubiri takribani miezi sita au zaidi.

Mwisho, mkubaliane kabla ya kikao cha kwanza picha itakaa kwa nani. Waliochorwa ni wawili na turubai ni moja, na nimeona marafiki wakinuniana kwa jambo hilo. Kila mmoja akitaka yake, mweleze bei ya nakala mapema, wala usikubali kuikata picha katikati hata wakiahidi kulipa mara mbili.