Taroti ya Thoth: anza na Vikombe, kitabu kitakusubiri

Mkuu, umesema umezoea taroti (karata za picha ambazo wengi huzitumia kupigia ramli) ya Rider-Waite, ile ya 1909, sasa umeletewa ya Thoth na inakuchanganya: karata ndogo hazina watu, na ukihesabu unapata 80 badala ya 78. Mimi ninayo hapa Mbeya, na kazi yangu ni kuchora mabango, kwa hiyo nakujibu kama mtu wa rangi. Mambo ya nyota watakujibu wengine.

Hizo 80 zisikusumbue. Kuna matoleo yanayokuja na karata namba 1, Magus (yaani mchawi), katika michoro mitatu tofauti. Chagua mmoja, miwili weka pembeni. Mfalme pia usimtafute, hayumo. Mkubwa wa ukoo humu ni mpanda farasi, anafuata Malkia, kisha Mwanamfalme na Binti Mfalme. Haki iko namba 8 na Nguvu namba 11, zote mbili kwa majina mapya. Rider-Waite ndiyo iliyozipanga kinyume.

Sasa lenyewe. Wengi wanakimbilia zile karata 22 kubwa kwa sababu zina viumbe vya kutisha. Ziache. Toa Vikombe, moja ya makundi manne ya karata ndogo, kuanzia Mbili hadi Kumi, zipange mstari mmoja mezani, mchana, karibu na dirisha. Chini ya kila karata kuna neno limeandikwa. Lizibe kwa kidole gumba. Kisha fuata maji, usifuate kitu kingine.

Kwenye Mbili maji yanabubujika kutoka kwenye yungiyungi, samaki wawili wamejisokota, vikombe vinafurika. Ukifika Tano, vikombe ni vitupu, mbingu imewaka wekundu, na mashina ya yungiyungi yamejikunja yakachora nyota ya pembe tano iliyopinduliwa. Saba ndiyo inayonikaa tumboni: ute wa kijani unadondoka kutoka kwenye maua, unajaza vikombe, na hata bahari chini imeharibika. Nane maji yametuama chini ya mawingu mazito, vikombe vingine havipati hata tone. Sasa toa kidole. Saba imeandikwa ufuska, Nane uvivu, kwa Kiingereza chao, na wewe ulishajua kabla ya kusoma. Hapo ndipo utaona kwa nini karata hizi hazikuhitaji watu: kazi ya kueleza imeachiwa rangi na mistari.

Aliyezichora ni Lady Frieda Harris, mke wa mbunge wa Uingereza, na alianza akiwa na umri wa kama miaka 60. Alichora kwa rangi za maji kuanzia 1938 hadi 1943, miaka mingi kati ya hiyo Vita Kuu ya Pili imekolea, kwa maelekezo ya Aleister Crowley, mwandishi Mwingereza wa mambo ya uchawi. Zile nyavu zinazopinda nyuma ya picha hakuziweka kama pambo. Alijifunza jometri kwa wafuasi wa mwanafalsafa Rudolf Steiner, na ndiyo inayofanya mandhari ionekane inavutwa. Kitabu cha Crowley kilitoka 1944, lakini karata zenyewe zilichapwa kama pakiti 1969, wote wawili wakiwa wameshafariki. Kitabu hicho kina maarifa mengi, ila ukianza nacho utaishia kukariri sayari na herufi za Kiebrania huku picha hujaziangalia. Kwangu mimi ni cha baadaye.

Baada ya Vikombe nenda kundi la Visahani. Nane yake ndiyo niipendayo kuliko zote: mti una maua manane, na kila ua lina jani kubwa la kulikinga, kama kahawa ya Rungwe chini ya migomba. Kundi la Panga liache mwisho. Tisa yake inachuruzika damu na haihitaji mwalimu.

Jambo la huku kwetu, na sisemi kwa mzaha: usizitandaze kijiweni. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli chonganishi baada ya mauaji ya wenzetu wenye ualbino, na kidonda hicho kwa watu wa Nyanda za Juu bado kibichi. Jirani akikuona na picha za mashetani na panga hatauliza ni sanaa ya nani. Mimi simtazamii mtu yeyote, hata akija na hela. Mama mmoja wa jirani aliponiuliza nilimweleza ukweli, kwamba taroti ilianza Italia karne ya 15 kama mchezo wa karata, na habari za Misri ya kale zilizushwa na Mfaransa mmoja mwaka 1781. Akacheka, akasema, "Basi zichezeni, lakini si mbele ya wanangu." Nikamwambia shikamoo, na agizo lake nalishika.

Na yule aliyeuliza kama picha za kwenye simu zinatosha: kwa kujua majina, sawa. Kwa taroti hii, hapana. Kioo cha simu kinameza nyavu za nyuma na kile kijani cha Saba kinakuwa kijani cha kawaida tu. Kama huna pakiti, tafuta picha kubwa uichape kwa rangi kwenye karatasi ya A4, karata moja moja, ukianza na Mbili ya Vikombe.