Kikundi cha AA Nairobi: anzia hapa

Pole sana ndugu yangu. Umeuliza utapataje kikundi cha kuacha pombe hapo Nairobi bila mtaa mzima kujua. Piga 1192, simu ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya; haina malipo. Uliza kuhusu ushauri na mikutano ya AA (Alcoholics Anonymous), yaani vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe. Mikutano mingi hufanyika kwenye kumbi za makanisa, lakini si ibada, na Mwislamu anakaribishwa vilevile.

Kuna mikutano ya wazi, ambayo unaweza kwenda na mkeo, na ya faragha, ya wenye shida ya pombe pekee. Utajitambulisha kwa jina moja tu. Ada hakuna, kikapu cha mchango kikipita na huna kitu, kipitishe kwa wa pembeni. Kusema hulazimishwi: “Leo nasikiliza tu” inatosha kabisa. Kikundi cha kwanza kisipokufaa, jaribu kingine, maana havifanani.

Ila umesema mikono inakutetemeka asubuhi kabla hujanywa. Hapo nakusihi, usikate pombe ghafla ukiwa peke yako. Mwili ulioizoea unaweza kushikwa na degedege, na watu hufa. Muone daktari kwanza, hata kesho asubuhi.