Re: NASCAR, mgeni naanzia wapi?

Mkuu, umeuliza watu wanaona nini saa tatu nzima kwenye NASCAR, mbio za magari za Marekani, magari yanazunguka tu, na mgeni aanzie wapi. Hata mimi nilicheka hivyo hivyo.

Anza na mbio za Daytona 500, kule Florida, kila Februari. Ni mizunguko 200 kwenye njia ya kilomita 4, na kwenye kona lami imeinuliwa nyuzi 31, karibu kama paa la nyumba. Usimwangalie anayeongoza. Mwangalie wa pili. Gari la mbele linapasua upepo, la nyuma linajibanza mgongoni kwake, na yakifuatana hivyo yanakimbia kuliko gari lililo peke yake. Ndiyo maana dereva akichomoka kwenye msururu bila mtu wa kumsukuma, utamkuta nafasi ya 20 kabla hujameza chai.

Bendera ya njano ni ajali au uchafu njiani: wote wanajipanga nyuma ya gari la usalama, na pengo alilolihangaikia kiongozi linafutika. Inaudhi, nakubali. Lakini mara nyingi ndipo magari yanapoingia kando na mafundi wanapata kazi: kubadili tairi nne na kujaza mafuta kwa sekunde kama kumi. Tangu 2022 gurudumu lina nati moja badala ya tano.

Chagua dereva mmoja umshikilie. Kisha tafuta mbio za Bristol, Tennessee, uwanja wa takriban nusu maili. Pale hakuna pa kukwepana, bodi zinasuguana mpaka rangi inabanduka.