Akina mama na Biblia: tuanzeje, na tukikwama tufanyeje?

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wanawake wanaosoma Biblia pamoja majumbani. Wengine ndiyo wanaanza, wengine wanaona kikundi kinapoa. Mifano yetu mingi tumeitoa katika kitabu cha Ruthu: ni sura 4 tu, mistari 85, na habari yake ni ya wanawake wawili walioshikamana.

Bwana Yesu asifiwe. Tuko wanawake watano wa mtaa mmoja, makanisa tofauti. Tuanze na kitabu gani, na kikao tukipangeje?

Amina, dada. Watano mnatosha kabisa. Mkipita kumi na wawili, gawanyikeni, kwa sababu hapo wapole huanza kunyamaza na kikundi hubaki cha wasemaji watatu.

Anzeni na Ruthu kwa wiki sita. Sura ya 1 ipeni wiki mbili (mstari wa 1 hadi 14, kisha 15 hadi 22), sura ya 2 wiki mbili (1 hadi 13, kisha 14 hadi 23), sura ya 3 na ya 4 wiki moja moja. Kikao kiwe cha saa moja na nusu: dakika 10 za wimbo na sala, 15 za kusoma kifungu mara mbili, 40 za mazungumzo, 20 za maombi, 5 za matangazo. Mabishano ya ubatizo na kunena kwa lugha yawekeni kando kwa sasa. Ruthu hatawapeleka huko.

Kubalianeni pia mapema kuhusu chai. Iwe chai ya rangi, basi. Mmoja akipika pilau zamu yake, mwenzake asiye na uwezo ataanza kutoa udhuru zamu yake inapokaribia, na baada ya hapo hamtamwona tena.

Hatujamaliza kusoma mstari, tayari mtu anahubiri. Tunaagana bila kujua kifungu kimesema nini. Kosa liko wapi?

Mnaanza na swali la mwisho, “Mungu ananiambia nini?” Swali hilo lina wakati wake, ila kuna mawili ya kulitangulia: Kifungu kinasema nini? Kilikuwa na maana gani kwa watu wa wakati ule?

Chukueni Ruthu 2:17. Ruthu aliokota masazo mpaka jioni, akayapura, akapata kama efa moja ya shayiri. Efa ni kipimo cha lita 22 hivi, yaani debe moja na ziada kidogo. Mwacheni mama aliyewahi kubeba debe kichwani kutoka shambani aeleze uzito wake, na mseme ni mavuno ya siku moja, ya mjane mgeni, masuke yaliyodondoka nyuma ya wavunaji. Kisha swali la pili: alipewa na nani ruhusa ya kuokota? Fungueni Walawi 19:9–10. Sheria ilimkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni kabisa au kurudi kuokota masazo. Yalikuwa ya maskini na mgeni. Tena katika Ruthu 2:16 Boazi, mwenye shamba lile, anapita kiwango cha sheria, anaagiza wavunaji wake wachomoe masuke kwenye miganda na kumwachia makusudi.

Sasa ndipo muulizane, “Na mimi je?” Mtu hatazungumza tena juu ya ukarimu kwa jumla. Atakumbuka binti wa kazi nyumbani kwake, au shemeji anayekuja kuomba unga kila mwisho wa mwezi.

Anayeruka mbele kiongozi amrudishe kwa upole: “Mama, hilo umeliona mstari wa ngapi?” Swali hilo halimwaibishi mtu, na baada ya wiki tatu nne watakuwa wanaulizana wenyewe.

Kama bado wasemaji ni wale wale, jaribuni njia ya hatua saba, inayotumika sana kwenye jumuiya ndogo ndogo za Kikatoliki. Ilitoka taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Katika hatua ya tatu kila mmoja hutaja neno au sentensi fupi iliyomgusa, bila kuieleza, na wengine hukaa kimya. Mama ambaye hajafungua kinywa mwezi mzima anaweza kusema maneno mawili.

Mama mmoja mtu mzima hajui kusoma. Tunamheshimu sana, hatutaki ajisikie vibaya.

Acheni kusoma kwa zamu, mstari kwa mstari mkizunguka duara. Yeye atakuwa anahesabu zamu yake kwa hofu. Kusema kweli hata wanaojua kusoma huhesabu, na kifungu kinawapita. Waombeni watu wawili siku moja kabla, wajiandae kusoma kwa sauti. Wa kwanza asome Union Version ya mwaka 1952, wa pili Habari Njema. Neno gumu katika toleo moja mara nyingi hufunguka katika lile jingine. Kisha mama asimulie kifungu kwa maneno yake kabla ya wengine kuchangia. Aliyezoea kusikiliza hushika mambo ambayo macho yetu yanayaruka.

Tulianza na Biblia, tukaongeza upatu, sasa kikao kizima ni hesabu za fedha. Tuuache?

Si lazima muuache, ila utengeni. Uwe na siku yake, daftari lake na mweka hazina asiye kiongozi wa Biblia. Mkishindwa kupata siku nyingine, fungeni kwa sala kwanza, asiyecheza upatu aondoke, ndipo fedha zitolewe.

Tunasisitiza kwa sababu anayedaiwa huona aibu. Anakosa kikao kimoja, cha pili, cha tatu, na wakati anaohitaji sana wenzake ndio anaowakimbia. Mchango wa kumwona mgonjwa au mfiwa uwe hiari, kwenye bahasha isiyoandikwa jina.

Jambo nililoombewa kwenye kikundi nimelisikia sokoni.

Pole sana, dada. Umeumizwa mahali ulipokuja kutafuta faraja.

Mwambie kiongozi, na kama unamjua aliyetoa siri, Mathayo 18:15 inakuelekeza kwake mkiwa wawili tu. Kiongozi asiwagombeze wote kikaoni, maana kila mtu atakaa akikisia nani kasema nini, na jeraha lako litajadiliwa upya. Kanuni ya kikundi iwe wazi: ombi halitoki, hata kwa kisingizio cha kulipeleka kwenye kikundi kingine cha maombi. WhatsApp andikeni “tumwombee dada yetu”, pasipo jina wala ugonjwa.

Kuna siri zisizofichwa. Mama anapigwa, mtoto anadhuriwa, au mtu anasema anataka kujiua: hapo maombi yaende pamoja na msaada siku hiyo hiyo. Kwa Tanzania kuna dawati la jinsia na watoto polisi. Namba 116 ni ya watoto, Tanzania na Kenya, na Kenya ina 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Anayetishia kujiua asiachwe peke yake. Kaeni naye mpaka afike hospitali.

Miaka miwili tunasoma pamoja, lakini mwenzetu alilazwa wiki nzima tukasikia kwa jirani. Urafiki uko wapi?

Mnakutana mkiwa kundi tu, na kundi halijui nani hayupo. Pigeni kura muwe wawili wawili, mkibadilishana kila kitabu kinapoisha. Kila mmoja ampigie mwenzake simu mara moja kwa wiki na kumwombea jambo moja mahususi, aliandike kwenye daftari pamoja na tarehe. “Niombee mambo yangu yote” haliandikiki. “Mwanangu ana mtihani Jumanne” linaandikika, na Jumatano una la kuuliza. Asiyeonekana kikaoni atafutwe na mwenzake jioni ile ile.

Wawili kati yetu hawasalimiani, na kila mmoja ana upande wake.

Kanisa la Filipi lilitokana na wanawake waliokutana kusali kando ya mto (Matendo 16:13), na baadaye wanawake wawili wa kanisa hilo, Euodia na Sintike, wakakosana. Someni Wafilipi 4:2–3. Paulo anarudia neno “namsihi” kwa kila mmoja peke yake, hasemi nani mwenye haki, na anamwomba mtu wa tatu awasaidie. Nanyi mtafuteni dada ambaye wote wawili wanamheshimu na ambaye hajabeba maneno ya upande wowote. Aende kwa kila mmoja nyumbani kwake kabla ya kikao kijacho, na asiwakutanishe mbele ya kikundi mpaka wote wawili wamekubali.